Mlima Wenye Mahandaki, Njia ya Manyovu

Sisi tuliokulia Ujiji wakati barabara ya kwenda Manyovu ilikuwa bado vumbi jekundu, tunatambuana hata leo kwa kutazamana miguu. Waliozaliwa baada yetu wana nyayo laini za viatu. Zetu zina makovu ya misumari, ya vipande vya chupa na ya mawe ya ufukweni kule Bangwe, tulikokuwa tukijirusha ziwani bila kuuliza kina. Nikikutana sokoni na mtu wa rika langu, hatuanzi na habari za wajukuu. Tunaanza na nani bado yupo. Fulani je? Alishatangulia. Na yule wa Buzebazeba? Yeye pia, mwaka jana. Kisha tunanunua nyanya zetu na kila mmoja anashika njia yake.

Nakumbuka harufu zaidi ya sura. Asubuhi dagaa walioanikwa mchangani, adhuhuri mawese yakichemka kwenye masufuria ya jirani, jioni moshi wa kuni na samaki wa mgebuka wa kukaanga. Mama yangu alisonga ugali wa muhogo mgumu kiasi kwamba ukidondosha tonge linadunda, na alikuwa haruhusu mtu kwenda shule na njaa. "Kula ushibe," alikuwa akisema, "darasani hakuna jiko." Tulikwenda shule na ufagio mkono mmoja na dumu la maji mkono wa pili, daftari likiwa limechomekwa kiunoni. Mchana tulicheza rede kwa mpira wa soksi, tukacheza mdako kwa kokoto mpaka kucha zikaisha. Wajukuu zangu wa Dar es Salaam wanacheza mpira wakiwa wamekaa kwenye kochi, vidole tu vinakwenda, na wakimaliza wanasema wamechoka. Nimeacha kubishana nao.

Rafiki yangu wa enzi hizo aliitwa Skolastika. Sisi tulimwita Skola. Aliletwa darasani kwetu tukiwa la tatu, akakalishwa dawati moja na mimi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli na walikaa Katubuka, lakini kwao hasa ni milimani, njia ya Manyovu. Alikuja na Kiswahili kilichojaa Kiha, watoto wa Ujiji wakamcheka. Mimi pia nilicheka. Halafu wakati wa mapumziko nikaona hana wa kukaa naye, nikamkatia nusu ya muhogo wangu wa kuchoma, na kuanzia siku ile hatukuachana. Yeye Mkatoliki, mimi Mwislamu. Yeye Muha, mimi Mmanyema ambaye babu zake walitoka ng'ambo ya ziwa. Mambo hayo tuliyajua kama mtu anavyojua rangi ya mlango wa jirani yake, basi.

Skola ndiye aliyenifundisha baiskeli. Ilikuwa baiskeli ya baba yake, kubwa, nyeusi, yenye bomba la katikati lililotuzuia kufika kwenye kiti, kwa hiyo tulipitisha mguu mmoja chini ya bomba na kuiendesha tukiwa tumejikunja upande kama kaa. Tulijifunzia kwenye uwanja wa Katubuka. Nilianguka mara nyingi kuliko nilivyopanda. Kwetu jambo hilo lilikuwa siri, kwa sababu mama alishatamka kwamba baiskeli ni ya wanaume na wauza samaki, na binti yake hakuwa mmojawapo.

Sasa nieleze habari ya vita, ile Vita Kuu ya Kwanza. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa na hadithi aliyotusimulia kila tulipokuwa tunachambua maharage. Baba yake alichukuliwa na Wabelgiji huko Manyema akiwa kijana, akafanywa mpagazi. Alibeba masanduku ya risasi kichwani kwa miezi mingi, kupanda na kushuka, mpaka wakamfukuza Mjerumani hapa Kigoma. Vita ilipopita hapa hakurudi kwao. Alioa Ujiji akazikwa Ujiji. Bibi alikuwa anasema utosini mwa baba yake palibaki kipara cha ukubwa wa kiganja, hapakuota nywele tena hadi anakufa. Alisimulia kwa fahari. Nasi tulipokea fahari hiyo kama ilivyo, na shuleni mwalimu alipotuambia kwamba vita ile ilipiganwa hata kwenye milima yetu na kwamba mahandaki bado yapo, nilinyoosha mkono nikawaambia wenzangu kwamba babu yangu alikuwepo. Skola akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mahandaki hayo yako nyuma ya nyumba ya bibi yake.

Kuanzia siku hiyo sikumwacha apumzike. Nilitaka kwenda. Nafasi ikapatikana likizo ya mwezi wa sita, mama yake alipomtuma apeleke chumvi, sukari na kifurushi cha dagaa kwa bibi yake. Ilikuwa Jumamosi. Mimi nilimdanganya mama kwamba nakwenda Bangwe kwa shangazi kumsaidia kuanika dagaa. Nilivaa gauni la zamani, nikapita njia ya uani.

Ile safari siwezi kuisahau hata nikitaka. Tulipokezana: mmoja anaendesha, mwingine amekaa kwenye keria na mzigo mapajani. Mpaka Mwandiga tulikuwa bado watu wa mjini, tunasalimiwa na wanaotufahamu, tunainamisha nyuso. Baada ya Mwandiga barabara ikaanza kupanda. Tulishuka tukasukuma. Kiangazi kilikuwa kimeanza, nyasi zimegeuka rangi ya simba, na mabondeni chini michikichi ilikuwa imejipanga kijani kibichi kana kwamba kiangazi hakiwahusu. Kila tukigeuka nyuma ziwa lilikuwa limepanuka zaidi. Tulipofika juu kabisa, penye kona, tukaliona lote, bluu iliyokolea, na milima ya Kongo upande wa pili ikiwa imefifia. Skola akasema, "Kwenu ni kule." Nikamwambia kwetu ni Ujiji. Akacheka, tukapanda baiskeli, tukateremka mteremko wa kwanza tukipiga kelele, vumbi likitufuata.

Bibi yake Skola alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa ya jembe. Alitupokea kwa "mwakeye" yake, nami nikaitika nilivyofundishwa njiani, akafurahi. Alitupa viazi vitamu na maharage, na maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu. Hakujua Kiswahili kingi. Skola alikuwa anatafsiri. Nikamwomba Skola amuulize habari za mahandaki.

Mama mzee yule hakusimulia kwa fahari. Alisimulia akiwa anamenya kiazi, hakuinua macho. Alikuwa mtoto mdogo wakati ule. Askari wa Mjerumani walipita wakawakusanya wanaume wa kijiji wakachimbe mahandaki mlimani, na baba yake akawa miongoni mwao. Walichimba siku nyingi. Wakati Wabelgiji walipokuja na kuanza kupiga risasi, wachimbaji hawakuruhusiwa kutoka. Baada ya siku mbili kimya kiliporudi, mama yake alipanda mlimani akamkuta mumewe ndani ya handaki alilolichimba mwenyewe. Walimfukia humohumo, kwa sababu hapakuwa na wanaume wa kumbeba.

Palepale mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye mdomo uliotangulia akili, nikasema kwamba babu yangu naye alikuwepo, yeye ndiye aliyekuwa anabeba risasi za Wabelgiji. Skola hakutafsiri. Bibi yake akamwuliza nimesema nini, Skola akajibu kitu kifupi kwa Kiha. Mpaka leo sijui alimwambia nini.

Tulipanda mlimani wenyewe, baiskeli tukiisukuma kwenye njia ya mbuzi kwa sababu Skola aliogopa kuiacha chini. Mahandaki yalikuwepo kweli. Nilikuwa nimetarajia kitu kikubwa, mizinga labda, mafuvu. Yalikuwa mifereji tu iliyojipinda kufuata kiuno cha mlima, imeota nyasi, mahali pengine inafika kiunoni, mahali pengine goti tu. Chini yake barabara ilionekana yote, ndiyo maana walichimba pale. Niliruka ndani nikaanza kuigiza: mimi Mbelgiji, wewe Mjerumani, haya jifiche nikutafute. Nilikuwa nimeshika kijiti kama bunduki.

Skola hakuingia. Alisimama ukingoni na baiskeli yake akanitazama.

"Mwamini," akasema, "kwa hiyo risasi zilizomuua zilipanda mlima huu kwenye kichwa cha babu yako."

Hakusema kwa hasira. Nadhani alikuwa anafikiri kwa sauti, anajaribu kuliona jambo lilivyokuwa. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kutoka ndani ya lile shimo nikasimama naye. Lakini nilihisi bibi yangu ametukanwa, na kile kipara cha ukubwa wa kiganja kimetukanwa, nikatafuta neno la kumuumiza, nikalipata upesi.

"Na babu yako," nikasema, "alijichimbia kaburi mwenyewe. Nani alimwambia asikimbie?"

 Skola akageuza baiskeli, akaiteremsha kwenye njia ya mbuzi, na baadaye kidogo nikamwona kule chini barabarani, amejikunja upande chini ya lile bomba, anakwenda. Nilingoja ageuke nyuma. Hakugeuka. Akaingia kwenye kona akapotea.

Mwanzoni niliona kama mchezo. Nikajisemea atarudi, hawezi kuniacha huku. Nikakaa ndani ya handaki nikitupa kokoto. Upepo ulikuwa unapita kwenye nyasi, na hapakuwa na sauti nyingine yoyote, wala mbuzi, wala mtu. Nikakumbuka kwamba mtu amefukiwa humo, na sikujua ni sehemu gani, huenda ni pale pale nilipokaa. Nikatoka mbio. Kwa bibi yake sikuthubutu kwenda. Barabarani nilikuwa naona aibu kukutana na watu huku nalia, kwa hiyo nikashuka upande wa pili wa mlima, nikaingia bondeni kwenye michikichi, nikafuata kijito nilichoamini kitanifikisha Mwandiga.

Kilinifikisha, lakini kwa mzunguko. Nilipita mahali wanaume wanakamua mawese, wakaniuliza mtoto wa nani, nikasema wa mbele. Miiba ilinichoma. Nilitembea nikimlaumu Skola, halafu nikijilaumu, halafu nikimlaumu tena kwa sababu hilo lilikuwa jepesi zaidi. Nimewahi kuwa peke yangu mara nyingi baada ya hapo, nimezika mume, nimelala kwenye nyumba yenye vyumba vitano na taa moja. Lakini upweke nilianza kuujua siku ile, kwenye kivuli cha michikichi, mtoto anayejua kabisa kwamba amesababisha mwenyewe.

Nilifika Ujiji adhana ya magharibi ikiwa imeshakwisha. Shangazi wa Bangwe alikuwa amekuja nyumbani mchana huohuo, kwa hiyo uongo wangu ulifika kabla yangu. Mama hakunipiga. Alitazama miguu yangu akaleta beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi, akaniambia maneno ambayo hata leo nayasikia: "Uongo ulikupeleka kwa baiskeli, umekurudisha kwa miguu." Baiskeli aliijuaje, sikumwuliza.

Shule zilipofunguliwa Skola aliomba kuhamishwa dawati. Tuliposimama mstarini hakunitazama, nami sikumtazama. Nilisikia kwamba alichapwa sana na baba yake kwa sababu siku ile hakurudi nyumbani, alilala kwa bibi yake na baiskeli, na baba alikuwa anaihitaji kwenda zamu. Nilipoyasikia hayo nilifurahi. Naandika hivi kwa sababu ni kweli. Nilisema moyoni, kumbe aliniacha akaenda kulala kwa bibi yake akala viazi.

Mwezi wa tisa baba yake akahamishiwa Tabora. Nilijua siku wanayoondoka, shule nzima ilijua. Nilikwenda stesheni. Nilisimama nyuma ya magunia ya dagaa yaliyokuwa yanangoja kupakiwa, mahali ambapo ningeweza kumwona yeye asinione. Alivaa gauni la kanisani. Mama yake alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Kabla ya kupanda Skola alizungusha macho kwenye umati, polepole, kutoka mwanzo wa jukwaa hadi mwisho, na nilijua anatafuta nani. Hatua kumi tu zilitosha. Nilijiambia nitatoka filimbi ikilia. Filimbi ikalia, na harufu ya dagaa ikawa imenikaa kooni, na treni ikaondoka.

Maisha yakanichukua. Nilisoma ualimu, nikaolewa Mwanza, nikafundisha huko mpaka kustaafu. Watoto wakatawanyika wanavyotawanyika watoto. Mume wangu alipofariki nikarudi Ujiji kwenye nyumba ya mama, ambaye naye alikuwa ameshaondoka. Nikajikuta bibi wa mtaa, ninayesalimiwa shikamoo na watu nisiowajua, katika mji ambao nilidhani nitaukuta na watu wake.

Mwaka juzi, saa nne asubuhi, mwanamke wa makamo alibisha hodi. Alivaa kitenge cha msiba. Akaniamkia, nikaitikia, nikamkaribisha mkekani, maana sikuwa na kochi la maana.

"Dada Mwamini, hunijui," akasema. "Mimi ni Anastazia, mdogo wake Skola. Yule aliyekuwa mgongoni."

Nilijua kabla hajaendelea. Mtu hatafuti nyumba ya mgeni akiwa na kitenge kile kwa habari nyingine. Skola alikuwa amefariki Tabora, alikofanya kazi ya uuguzi maisha yake yote. Aliomba azikwe milimani kwa bibi yake, na wamemzika juma lililopita. Mara moja, miaka mingi nyuma, aliwahi kuja Ujiji kuniulizia, akaambiwa nimeolewa Mwanza, akarudi. Nilimpa pole, naye akanipa pole, nikammiminia chai. Chai ikapoa.

"Kuna kitu aliniagiza," Anastazia akasema. "Akaniambia, ukimpata Mwamini, muulize siku ile alipita wapi."

Sikumwelewa. Nikamwuliza siku ipi.

"Siku ya baiskeli. Anasema alipofika Mwandiga alishindwa kuendelea. Akageuza, akapanda tena mlima wote ule anasukuma. Akafika kwenye mahandaki, hupo. Alidhani umetumbukia mahali, au umechukuliwa na mtu. Akawa anaingia handaki moja baada ya jingine anakuita. Aliita mpaka jua likazama, bibi akapanda kumfuata akamkuta sauti imekauka kabisa. Usiku ule hakula. Asubuhi akateremka, na mtu wa kwanza aliyemuuliza Ujiji akamwambia wewe uko kwenu, unafua."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Anastazia akasema yeye pia alimwuliza hivyo hivyo, na dada yake akamjibu kwamba yeye kipigo kilimngoja nyumbani na mimi nilikuwa nafua, hasira ikamjaa. Na hasira ilipokwisha, treni ilikuwa imeshafika Tabora.

"Nilipita bondeni," nikamwambia. "Kwenye michikichi. Niliona aibu kupita barabarani."

Anastazia akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Basi." Alikuwa amefanya alichotumwa. Alipoondoka niliufunga mlango mchana kweupe, nikakaa kwenye mkeka ule mpaka adhuhuri.

Nina baiskeli. Nilinunua niliporudi Ujiji, ya kike, isiyo na bomba la katikati, na daktari aliponisifu kwa mazoezi nilijifanya nimenunua kwa ajili ya afya. Jumamosi iliyofuata nilitoka alfajiri. Barabara ya Manyovu sasa ni lami, laini kabisa, na ni nyembamba kuliko ninavyoikumbuka. Vijana wa bodaboda walinipita na honi. Mmoja alipunguza mwendo akanipa shikamoo yake, akauliza bibi unakimbizana na nani. Nikamjibu namkimbiza marehemu babu yako, akacheka akaondoka. Milima ni ileile. Penye kona ya juu nilisimama kupumua, ziwa likiwa chini lote, Kongo ikiwa imefifia vilevile, na hapakuwa na mtu wa kuniambia kwetu ni wapi.

Kaburi lake lilikuwa bado udongo mtupu, na msalaba wa mbao wenye jina lililoandikwa kwa rangi nyeupe. Nyumba ya bibi yake haipo, kuna shamba la kahawa na banda la bati, na jamaa zake waliniletea kigoda wakaniacha. Niliinua mikono nikasoma nilichokijua, kwa dini yangu, nikiamini hatachukia. Kisha nikamwambia kwa sauti, kwa sababu kimoyomoyo nilishamwambia mara nyingi bila faida, kwamba nilipita bondeni. Na kwamba lile neno la kaburi la babu yake sikulipata mahali popote ila kwenye ubaya wangu mwenyewe. Na kwamba siku ya treni nilikuwepo, nyuma ya magunia. Nilikaa kidogo. Upepo ulikuwa unacheza na majani ya kahawa. Mtu aliyekufa hakupunguzii chochote.

Mlimani nilipanda taratibu, baiskeli nimeiacha chini. Mahandaki yamezidi kuwa mafupi, mvua inayajaza. Nilikuta hapo vijana sita wamekuja kwa bodaboda, wa kike na wa kiume, wanapiga picha. Mmoja alikuwa amelala ndani ya handaki anajifanya amepigwa risasi. Binti mmoja aliyesuka rasta aliniamkia akaniuliza hapa palikuwa na nini, maana wameona tu kwenye simu kwamba ni pazuri. Nikamweleza kwa kifupi: Mjerumani alikaa hapa, Mbelgiji akaja kutoka kule, na waliochimba na waliobeba walikuwa watu wetu, wa upande huu na upande ule. Akauliza nani alishinda. Nikamwambia Mbelgiji, halafu naye akaondoka. Akasema haa, akageukia kamera.

Nilikuwa nataka kuteremka niliposikia ugomvi. Yule binti wa rasta na mwenzake walikuwa wamekosana. Nilivyoelewa, mmoja alituma picha ambayo mwingine ametoka vibaya. Maneno yakapanda. Mwenzake akakasirika akateremka mlima peke yake, kwa hatua za haraka, bila kugeuka. Nilipiga hatua mbele. Nilitaka kumwambia huyu wa rasta, mfuate, kimbia, usitupe kokoto. Kabla sijafungua mdomo alitoa simu mfukoni, akaweka sikioni, akasema, "We uko wapi? Haya nisubiri hapohapo, naifuta." Hapohapo, basi. Akateremka anaruka ruka kwenye njia ya mbuzi, na nikawaona chini wamesimama karibu na baiskeli yangu, vichwa vimekutana juu ya simu moja, wanacheka.

Huwa tunawacheka vijana hawa, sisi wa miguu yenye makovu. Tunasema hawajui kucheza, hawajui kutembea, hawajui kuonja mgebuka uliokaangwa kwa mawese bila kuuliza kama una mafuta mengi. Tunasema urafiki wao ni wa vidole. Huenda. Mimi siku hiyo niliteremka mlima nikiwaonea wivu. Enzi zetu zilikuwa nzuri, nitawaambia wajukuu hivyo mpaka mwisho, lakini mtu akishakunja kona alikuwa amekwenda. Ulikuwa na sauti yako tu ya kumwitia. Skola aliita hadi sauti ikakauka, na mimi wakati huo nilikuwa upande wa pili wa mlima, bondeni, natembea upesi nipate kuwa mbali naye zaidi.